Dunstan Ndunguru na Mihuri ya Barua Takataka

Dunstan Ndunguru alipanga barua za watu kwa miaka thelathini na moja, kwanza Mbamba Bay, kisha Mbinga mjini, na hakupoteza hata moja. Alilisema hilo mwenyewe, misibani, kwenye ubatizo, na safari moja akiwa anang'olewa jino. Barua ya Liuli aliijua kwa harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, kabla hajaugeuza mhuri. Za Chiwanda zilifika zimelowa ziwani, akazianika dirishani mpaka zikauke. Sisemi alizisoma, ila habari za Chiwanda alikuwa nazo nyingi.

Alistaafu wakati kila kitu kilikuwa kinastaafishwa. Ushirika wa kahawa ulikufa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao na miwani ya jua. Sengu, ambamo mzee wa ukoo aliwalisha watu wake pamoja na kumaliza kesi kabla ugali haujapoa, ikageuka semina yenye posho. Mwaka 2004 Abdulmajid, ambaye babu yake alikuja na vitenge kutoka Kilwa, aliondoa vitenge dukani, akaweka kompyuta nne na dishi juu ya bati. Intaneti ikafika Mbinga kabla ya lami.

Kikundi chetu cha kahawa kilikuwa kimempata mnunuzi Ujerumani. Sampuli aliipenda, akataka tumthibitishie kwa imeili kabla Agosti haijaisha. Mwenyekiti wetu, Vitalia Kapinga, mjane mwenye sauti ya kengele ya parokia, akamteua Dunstan kuwa katibu. Nani mwingine?

Anwani ya kikundi ilipofunguliwa dukani kwa Abdulmajid, barua zikamiminika. Mjane wa jenerali alitaka msaada wa kuhamisha dhahabu. Wengine waliuza saa, dawa za nguvu za kiume, shahada za chuo bila kusoma. Mimi nimesoma bila shahada, kwa hiyo hiyo ya mwisho niliitazama kwa hasira ya pekee.

"Zifute, Mzee," Abdulmajid alimwambia. "Ni takataka."

"Barua haifutwi. Inafikishwa, au inarudishwa kwao."

"Hizi hazina kwao."

"Kila barua ina kwao. Hata wewe una kwenu, ndiyo maana unatetemeka na kanzu kwenye baridi hii."

Abdulmajid alicheka, akabonyeza mahali, na barua ikaonyesha bitana yake: kila kituo ilikopita, saa ya kupita, na namba ya kituo. Kituo cha mwisho kilikuwa juu, cha kwanza chini kabisa.

"Mihuri!" alipiga kelele Dunstan. Mteja wa kompyuta ya pili akadhani ameumwa na nge.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mpya. Kulikuwa na ukurasa ambapo ukiandika namba ya kituo unaambiwa nchi. Alinunua daftari gumu, akalipiga mistari, akaanza kuorodhesha. Mjane wa jenerali aliandika kutoka Kanada. Dawa zilitoka Korea. Saa zilitoka Brazili. "Wametushinda kwenye kahawa," alisema, "sasa wanataka na saa." Mwezi Agosti wakaja watu wa Norway, kila siku, na dawa zilezile. Aliwaandika kwa wino mwekundu: wakosaji sugu.

Na vifurushi vilivyofungwa ndani ya barua alivifungua vyote. Kwa mazoea yake ya posta, kifurushi kisichoandikwa kilichomo kinafunguliwa mbele ya shahidi. Shahidi alikuwa Abdulmajid, ambaye kutwa alikuwa kwenye simu na kusema, "Haya, haya, fungua." Dunstan alifungulia kwenye kompyuta ya tatu, ya dirishani. Vingi havikuwa na kitu ndani, akaandika: tupu.

Tarehe ishirini Agosti alituma uthibitisho wetu Ujerumani. Ukarudi kabla hajavua miwani. Ulikuwa umekataliwa: mnunuzi hapokei barua kutoka kituo hiki kwa sababu ya uchafu kinaoutuma. Akatuma tena. Mara kumi na moja.

Vitalia aliteremka mjini mwenyewe.

"Kaka Dunstan, barua yetu iko wapi?"

"Haikupotea, mama. Imekataliwa."

"Kahawa ikioza ghalani utawaambia watu haikupotea? Jumapili baada ya misa simama mbele yao na barua iliyofika. La sivyo ukatibu anachukua mwalimu Eunice. Yule angalau hajisifu."

Dunstan alirudi kwenye kompyuta. Alilichukua lile jibu la kukataliwa, akaitafuta namba ya kituo kilichoshtakiwa humo kwenye daftari. Aliikuta mara kumi na tisa, kwa wino mwekundu. Norway. Kisha akajitumia barua mwenyewe, akatazama mhuri wa chini kabisa. Namba ileile.

"Abdulmajid, dishi lako ni la nani?"

"La kwangu! Ila setilaiti ni ya kampuni ya Norway."

"Basi wakosaji sugu tumo humu dukani."

Abdulmajid aliapa kwa Mungu na kwa kaburi la babu yake. Wakawatoa wateja wote. Taa ya mtambo wa dishi iliendelea kupepesa kama jicho la mlevi, ingawa hakuna aliyegusa kitu. Wakachomoa kompyuta moja moja. Walipochomoa ya tatu, taa ikatulia.

"Ya tatu huwa anakaa nani?" Dunstan aliuliza.

"Wewe, Mzee. Wengine wanakuogopa."

Vifurushi vile vilikuwa na virusi. Kimojawapo kiliingia humo, kikakusanya anwani zote kilizozikuta na kuanza kuuza dawa dunia nzima kwa jina letu.

Alhamisi Dunstan alipanda basi kwenda Songea, akatuma uthibitisho kutoka huko. Ijumaa jibu likaja. Jumapili alisimama mbele yetu na karatasi ya Kiingereza.

"Mnunuzi amekubali," alisema. Vigelegele vikapigwa. Aya ya pili niliiona mkononi mwake. Eunice, ambaye angeweza kuisoma, alikuwa mbali, pamoja na wanakwaya. Angeweza kukunja karatasi tukaenda kunywa. Alifuta miwani, akatafsiri neno kwa neno: Tunafurahi mmerudi kwenye kahawa, maana kwa wiki tatu mmekuwa mkitutangazia dawa za nguvu za kiume.

"Aliyezituma ni mimi," Dunstan alisema, akaeleza yote, vifurushi, kompyuta ya tatu, Norway.

Vitalia alimtazama sana. "Na hizo dawa, kaka, Mjerumani kasemaje? Amekubali au nazo kakataa?"

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakimbia ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Kicheko kilipoisha Dunstan alikuwa ameshamfuata Eunice na kumkabidhi daftari na neno la siri.

"Rudi hapa!" Vitalia alimwita. "Barua si imefika?"

"Imefika. Lakini uchafu ulipita kaunta yangu wiki tatu nzima, nami nikawaandika watu wa Norway kwa kosa langu."

Hakurudi. Tangu biashara ilipolegezwa nimeona viongozi wakila ghala zima na kuchaguliwa tena. Aliyeachia kiti bila kusukumwa, wilaya hii, nimemwona huyo mmoja, na alikiachia kwa sababu ya dawa ambazo hata hakuzijaribu.