Kidude Kwenye Pindo la Mama

"Fundi, hicho kidude ulichonipa nimshonee mama kwenye pindo, kikilala nani anamlinda?"

Fundi cherehani wa mlango wa pili aliuliza hivyo mwaka juzi, akikata uzi kwa meno. Wakacheka wote wawili. Leo swali hilo halimchekeshi tena aliyeulizwa.

Saa tatu asubuhi yumo uvunguni mwa lori, mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa, tochi mdomoni. Kazi yake ni kufunga vifaa vya kufuatilia magari: kisanduku cha ukubwa wa kiberiti, ndani yake laini ya simu na modemu inayozungumza na mnara wa simu. Wateja humwita Fundi Mawimbi.

"Usinifichie kwenye machuma huko, kisije kikakosa hewa!" dereva anamtania.

"Hewa ya nini? Chenyewe kinataka mnara," anajibu, tochi sasa mkononi. "Ukikifunika na chuma kinahangaika, mnara uko wapi, mnara uko wapi, kinapaza sauti mpaka betri inakauka. Kama mzee aliyepotea mjini."

Maneno hayo yanamrudi mwenyewe. Anarudisha tochi mdomoni, anamalizia kazi.

Mama yake alianza kupotea njia baada ya kumzika mumewe. Hajatumwa, hajaitwa, alikuwa anatoka tu kununua chumvi, akakutwa mtaa wa tatu anagonga milango ya watu na kuuliza kama mume wake ameshakula. Kumfungia ndani, mwanawe hakuweza. "Mama si kuku," anasema. Ndipo akamtengenezea kifaa, na jirani yule wa cherehani akakishona kwenye pindo la gauni.

"Ujanja wake ni usingizi," anaeleza. "Modemu haikeshi. Inalala, inaamka kidogo, inatega sikio. Kuna anayeniita? Hakuna. Inalala tena. Mnara unaijua zamu yake, ukiwa na ujumbe unausubirisha mpaka iamke. Mzazi mwenye kichanga ndivyo anavyolala. Kwa mtindo huo betri ilidumu wiki nzima."

Dada yake mkubwa, anayeishi mji mwingine, akaomba naye amwone mama kupitia simu yake. Akawekewa. Lakini kila alipouliza mama yuko wapi, jibu lilichukua hata nusu saa.

"Mdogo wangu, umenipa nyumba isiyo na mwenyewe?" alilalamika. "Nikipiga hodi nataka niitikiwe!"

Fundi anainamisha kichwa. "Nilijua betri haitahimili. Lakini dada ni mama wa pili, na ulimi wake unachoma. Nikaogopa kelele. Usingizi nikautoa."

Tangu hapo kidude kikawa macho kutwa kucha, na yeye akawa anakichaji kila usiku mama akilala. Dada naye akawa anabonyeza. Akipika, anabonyeza. Akitoka ibadani, anabonyeza. Kila mara kidude kikatafuta kilipo, kikapiga hodi mnarani, kikajibu. Mapenzi yana pupa, na betri haijui mapenzi.

Siku moja mama alitoka mchana, fundi akiwa kazini. Dada akaona nukta ya mama inatembea kwenye ramani ya simu. Akampigia mdogo wake, naye akatimua mbio. Huku nyuma kidole cha dada hakikutulia: yuko wapi sasa, na sasa, na sasa? Fundi akiwa amebakiza mitaa miwili, nukta ikagota karibu na daraja, ikazimika.

Mama alikuwa ameshasonga mbele; alipatikana kesho yake mtaroni, mbali na daraja, nyonga imevunjika. Mungu alimhifadhia roho. Miguu ilibaki huko huko.

Ndugu walikaa kikao. Wakasema fundi aliweka betri ya bei rahisi, ni fundi wa wenzake, kwake kiza. Dada alilia kuliko wote. Fundi hakujitetea.

"Ningesema ni vidole vya dada, ningemzika mzima mzima," anasema. "Na mimi ndiye niliyemfungulia mlango."

Jioni, chumbani kwa mama, mwenyewe amelala kitandani amegeukia ukuta. Mezani kuna kidude kipya ambacho usingizi wake, fundi anaapa, hakuna atakayeugusa. Daktari amesema mama hatatembea tena. Fundi bado anakiunga waya. "Siku akisimama akute kiko tayari," anasema, bila kumtazama mtu.

Dada amekuja kumchukua mama. Begi ameshalifunga.

"Mtu aliyeshindwa kuchaji kidude cha kiberiti, mzee atamweza?"

"Nilikichaji, dada."

"Basi kilizima na nini? Na uchawi?"

Fundi anaweka chini koleo. "Kila ulipokiuliza mama yuko wapi, kilitumia pumzi kukujibu. Siku ile ulikiuliza mpaka pumzi ikaisha. Nilijua itafika huko, sikukwambia. Niliogopa kelele zako."

Dada anaitazama simu iliyo mkononi mwake.

Kitandani, mama anageuza shingo. "Binti, wewe ni wa nani? Ukitoka, mwambie mume wangu chakula kinapoa."

Dada anashusha begi la mama sakafuni, analiegemeza ukutani lisianguke. Kisha anatoka peke yake.