Mashine ya Mama Ilipopata Wenzake

Juzi jirani yangu hapa Donholm alimaliza kula kipande cha keki ninazooka za kuuza, akaniuliza oveni nilinunua wapi. Hasira iliyonipanda ilikuwa ya zamani.

Nilipokuwa mtoto tulikaa mtaa wa Ziwani, kwenye chumba kilichonuka uzi mpya na mafuta ya cherehani. Zamu ya mama ya kupokea mchango wa wanawake wa chama ilipofika, alinunua mashine ya kufuma. Ikawa inakwaruza mchana kutwa, krrr, krrr, ikitoa sweta za shule za rangi ya damu ya mzee. Wanawake wa chama walikuja kuiona, wakajaa kitandani.

"Mama Akinyi, hebu tuonyeshe vile inafanya kazi."

Angekataaje, na ni pesa zao zilizoinunua? Aliwaonyesha, hata na duka la uzi akawaelekeza.

Zamu zikazunguka. Hakuna hata mmoja aliyefikiria biashara nyingine, hata ya kuuza barafu! Alasiri moja nikicheza nje nilisikia krrr kwa kina Njeri, majirani zetu wa chama, kisha mlango wa pili, kisha ng'ambo ya kamba za nguo. Nilidhani mtaa mzima sasa unamfanyia mama kazi. Nikakimbia ndani.

"Mum, ziko kila mahali!"

Mkono wake ulisimama. Nyuma yake, sweta zisizo na mnunuzi zilikuwa zimefika kimo cha dirisha.

"Funga dirisha," alisema.

Nilifunga, joto lote lile, nikidhani anaogopa vumbi.

Jirani wa Donholm alikuwa bado anangoja jibu. Tuko chama kimoja, na oveni ilitoka kwa zamu yangu. Nilimtajia duka, nikamsindikiza mlangoni, kisha nikarudi jikoni nikafunga dirisha kama mama.