Kumwanika Baba

Baba alipata mshtuko wa moyo miaka ile kiwanda cha pamba alikokuwa fundi kilipouzwa na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Daktari alimwambia apumzike. Mama alilitii neno hilo kuliko alivyokusudia daktari. Alimhamishia chumba cha ndani, akatundika mapazia mazito ya mitumba, na wageni wakawa wanaingia kwa kunyata. Miezi ikapita baba akiwa humo.

Moyo ulitulia. Miguu ndiyo iliyogoma. Mapaja yalimuuma, na kuinuka kitini akawa hawezi mpaka ashikwe makwapa. Hilo lilimchoma kuliko ugonjwa wenyewe: kila akitaka kwenda chooni, ainuliwe na mkewe na mimi binti yake.

Tukamrudisha hospitali. Daktari alimbonyeza mifupa ya miguu, akauliza anashinda wapi, akasema anashuku upungufu wa vitamini D. Mimi hufundisha sayansi sekondari, kwa hiyo kazi ya kueleza nyumbani iliniangukia. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini hiyo, na mwili huitumia kuimarisha mifupa na misuli. Dawa za moyo zinabaki palepale. Jua halichukui nafasi yake. Alipewa vidonge, na akaambiwa akae nje kidogo kila siku, saa nne hivi, mikono na miguu wazi.

"Dirishani si panatosha?" mama aliuliza.

"Hapatoshi, mama. Kioo kinapitisha mwanga, ila ile sehemu ya jua tunayoitaka kinaizuia."

Nikatoa kiti uani. Sikuwa nimewafikiria watu wa mtaa wetu, Igogo. Kwetu mzee huwekwa kivulini, na anayemweka juani ana lake jambo. Kila aliyepita aliingia, akamsalimu, akamsogeza chini ya mpera. Jirani yetu, mama mmoja muuza dagaa, aliuliza waziwazi.

"Shikamoo, mzee. Nani kakuanika?"

"Marahaba. Mwanangu."

"Yule msomi? Basi akumbuke kukugeuza."

Nilimweleza yote, tangu ngozi hadi mfupa. Alisikiliza vizuri, akakubali kila neno. Kesho yake akaja na mwavuli wa maua, mmoja wa ile mipya iliyojaa madukani siku hizo, akamfungulia baba kichwani.

"Vitamini itaingia kwa pembeni," alisema.

Tuliendelea hivyo, yeye na mwavuli, mimi na maelezo, baba na vidonge vyake. Hatukuona tofauti kwa muda mrefu, nami nilimwambia baba kuwa mifupa haina haraka.

Asubuhi moja nilikuwa naanika nguo. Jirani akatokea na mwavuli wake. Baba alimwona. Akaweka mikono magotini, akainuka, akaburuta kiti hadi upande wa pili wa ua, kwenye jua kali, akaketi. Mama alikuwa ameshakimbia kumshika. Akabaki amesimama, mikono mbele, haina wa kumshika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Funga huo."

Jirani akamtazama baba, kisha akamtazama mama.

"Huyu sasa kakauka," alisema, akaufunga mwavuli.