Ukuta wa mianzi niliousuka mimi

Leo sokoni Ifakara nimemwambia Skola jambo nililolimeza tangu miaka ya tisini.

Mimi na Skola tulikuwa kati ya wapiga taipu wanne katika chumba kimoja. Kelele za mashine zilikuwa zinatupasua vichwa.

Nikaleta mianzi kutoka kwa mjomba wangu kule kijijini Masagati. Nikaipasua, nikaisuka, nikaipigilia ukutani, nyuma yake nikashindilia pumba za mpunga.

Chumba kikatulia, jamani. Kwa mara ya kwanza tukawa tunasikilizana.

Bosi akaja kuangalia. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati, napanga mafaili.

"Nani kabuni hii?"

"Ni mimi, mzee," Skola akajibu. "Mwenzangu alinisaidia kubeba tu."

Rafiki yangu huyo. Tulikuwa tunakula sahani moja.

Akapandishwa cheo. Sikusema kitu, nisije nikamwaibisha. Nilijua hakuniona.

Leo nikamwambia taratibu, "Skola, siku ile nilikusikia."

Akaendelea kuchagua nyanya.

"Najua, dada. Miguu yako niliiona chini ya kabati."

Nimerudi nyumbani bila mboga.

Nyie mngemjibu nini?