Sahani ya Atupele

Siku yangu ya kwanza kazini kule Ikuti iliishia nikiwaapia watu kwamba mashine niliyokuja nayo hainyonyi akili. Ilikuwa ya kupima umeme wa ubongo: unambandika mtu nyaya nyembamba kichwani, kalamu zinachora mistari kwenye karatasi. Mvua ilinyesha kutwa, jenereta likagoma. Mkuu wa Idara alikuwa ameniaga chuoni kwa maneno machache: "Lete data. Huruma waachie manesi."

Tulitafiti kifafa kinachotokana na tegu wa nguruwe. Mtu akimeza mayai yake, watoto wa mnyoo huyo husafiri kwa damu hadi ubongoni.

Atupele alikuwa mgonjwa wangu wa kwanza, mwanamke kijana aliyelishwa kwenye sahani yake peke yake kwa kuogopewa mate, eti yanaambukiza kifafa. Mama yake hakumruhusu kusogelea moto. Nikampa fenobabitali, kidonge cha kutuliza kifafa, na miezi ikapita bila kuanguka. Siku moja nikala naye sahani moja, ukoo mzima ukitazama.

"Mama, sasa mwache apike," nikasema.

"Motoni, daktari?"

"Apike. Mimi nipo."

"Ndaga, daktari," mama akashukuru.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Tukuyu yalijaa redio na mitumba, nasi wa vyuoni tukaambiwa tujitafutie wafadhili. Wetu alipotosheka, Mratibu wa Mradi akaniita.

"Funga kazi. Data zinatosha."

"Na dawa zao?"

"Wakanunue kama wenzao."

Duka jipya la dawa pale Msasani, Tukuyu, lilikuwa na vidonge vya kila rangi, ila si fenobabitali. Dawa ile haikatishwi ghafla; kifafa hurudi kwa nguvu. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo darasani. Nikafunga masanduku, nikaondoka. Niliogopa kupoteza kazi, basi.

Atupele aliangukia mekoni akipika ndizi, hakuna mtu nyumbani. Barua ya nesi ilinikuta chuoni. Nilipofika, alikuwa amekwishazikwa.

"Mwanangu hakuwa anapika," mama yake aliniambia taratibu. "Wewe ndiye uliyesema."

Kisha akanipakulia chakula. Wengine walikula pamoja. Mimi nilipewa sahani ya Atupele, peke yangu.

Sasa nimestaafu. Makala ya utafiti ule ndiyo iliyonipa uprofesa, na wanafunzi bado wanaisoma. Humo Atupele amepona.