Mwano kwa Ng'ombe Waliouzwa

Taya la mtu likivunjika hulia kama muwa unaovunjwa gotini. Sikulijua hilo mpaka nilipotimiza miaka sabini na moja, umri ambao mtu hudhani ameshasikia milio yote ya maana. Niliusikia asubuhi, jua likiwa bado chini ya ua wa minyaa, kwenye njia ya ng'ombe itokayo kwangu, upande wa Zagayu, kwenda barabara ya Nkoma. Taya halikuwa langu. Ng'ombe ndio walikuwa wangu, au walikuwa wangu mpaka jana yake.

Tulikuwa tunahama, mimi na mke wangu. Leo nalitamka neno hilo bila shida. Kwa miezi minne sikulitamka mbele ya mtu.

Mke wangu nyonga ilikuwa imekwisha. Magoti yangu yalikuwa yamekwisha kabla yake, ila mwanamume hujisifu kwa kuchechemea taratibu. Kisima kilikuwa mbali, zizi lilitaka watu wawili wenye nguvu, na watoto wetu watatu, kila mmoja na mji wake, walikuwa wakipiga simu kusema "hameni huko" bila kusema tuhamie wapi. Tukapata vyumba viwili na baraza Bariadi mjini, nyuma ya duka la vitenge la mama mmoja wa Kiislamu, mtu safi, asiyepunguza hata shilingi. Kutoka nyumba tano, maghala mawili, zizi na ekari kumi na nne, kwenda vyumba viwili. Nilivipima kwa hatua. Nikavipima tena, havikuongezeka.

Sasa, mimi nimekuwa dalali mnadani zaidi ya miaka thelathini, hata jina langu wamelisahau, wananiita Dalali. Na dalali ana sheria moja tu: anayejulikana kuwa ana haraka ndiye anayeliwa. Mtu akijua unahama, ng'ombe wa bei nzuri anageuka kuwa ng'ombe wa mzee anayehama. Kwa hiyo sikuhama. Mke wangu alikwenda mjini "kutibiwa". Godoro likamfuata kwa bodaboda, kwa sababu mgonjwa hulala. Cherehani ikafuata, kwa sababu mgonjwa huchoka kukaa bure. Sufuria zikafuata moja moja. Nyumba nzima iliondoka kwa mafungu, kama nyama ya wizi.

Jirani yangu wa ng'ambo ya shamba la pamba ndiye alikuwa akinisaidia kufunga mizigo. Tumelimiana na huyu mtu tangu tukiwa na meno yote. Akivuta kamba alikuwa akisema, "Dalali, huyu mayu, mama yetu, akipona atarudi na nyumba ya ghorofa kichwani." Nami nikicheka.

Wakabaki ng'ombe. Walikuwa arobaini na watatu. Niliuza thelathini na wanne, nikabakiza tisa zizini ili mpita njia aone mikia. Nilijipongeza kwa hilo.

Mnunuzi aliahidi lori, lakini lori haliwezi udongo wetu mweusi msimu ule, linazama mpaka milango. Ng'ombe walipaswa kuswagwa mwendo wa saa nzima hadi barabarani. Akamtuma mswagaji wake, mtu wa Mwanhuzi, umri wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mcheshi, viatu vya tairi. Alifika kumepambazuka.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka."

"Karatasi ya kijiji iko wapi?"

"Kwa tajiri wako, kwenye lori."

"Tajiri amesema iko kwako."

"Basi itakuwa njiani inakuja. Utakutana nayo."

Alicheka, lakini hakuondoka. "Nikikamatwa niseme nini?"

"Sema nimekutuma mimi."

"Na wewe utakuwepo?"

"Kwa magoti haya nitakwenda wapi? Nipo."

Karatasi haikuwepo popote. Barua ya kuuza mifugo huandikwa ofisi ya kijiji, na mwenyekiti wetu akiandika kitu kwa mkono wake wa kulia, mdomo wake unakisoma barabarani. Nilikuwa nimepanga kuimalizia Bariadi, kwa watu ninaowajua. Mswagaji akaingia njiani na fimbo yake. Niliwahesabu mlangoni mwa zizi, thelathini na wanne. Nikawahesabu tena wakishuka bondeni, kwa mikia. Kisha nikaenda kukoroga uji.

Uji haujachemka nikausikia mwano.

Aliyezaliwa kwetu haelezwi mwano, lakini kwa mgeni niseme: ni yowe la wizi wa ng'ombe. Linapigwa na mtu mmoja, linadakwa na kaya ya pili, ya tatu, mpaka bonde zima linalia. Ukilisikia, unachukua ulichonacho, rungu, panga, mkuki, unakimbia. Hukai kuuliza. Anayebaki nyumbani anatozwa faini na nzengo, yaani sisi majirani tuliounganishwa kwa kusaidiana na kuzikana. Mimi mwenyewe nimeitikia mwano mara sita, na wezi wa mara mbili hawakufika mahakamani. Siwezi kujifanya sikujua unavyoisha.

Na sauti ya kwanza niliitambua. Alikuwa jirani yangu. Amemwona mgeni anaswaga ng'ombe wa Dalali asubuhi, mke wa Dalali mgonjwa mjini, Dalali mwenyewe mzee, peke yake, pengine ameshachinjwa kitandani. Alifanya kile ambacho ningemfanyia.

Nilichukua fimbo nikatoka. Kukimbia sikuweza. Nilikwenda kama mtu anayebeba yai kwa kila goti.

Wa kwanza kunipita walikuwa ndugu wawili kwenye baiskeli moja, aliyepakiwa ameshika panga. "Dalali! Uko hai! Ng'ombe zako tutazirudisha, usijali!"

Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Haya."

Niseme ukweli wa kichwa changu pale njiani, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Nilikuwa bado nabembeleza bei. Nilikuwa nawaza: nikisema hapa, kwa sauti, saa nne mwenyekiti amejua, mnunuzi amekwama na lori, ananishusha bei kwa kila kichwa. Afadhali nifike, nimvute jirani yangu pembeni, nimwambie sikioni. Hatua mia tano tu. Mtu hafi kwa hatua mia tano.

Wakanipita wengine watatu wakikimbia. Kisha mmoja wa rungu, anahema. Kisha mzee wa rika langu mwenye magoti mazuri. Huyo wa mwisho nilimwambia, "Asante, baba." Jumla saba. Yeyote kati ya hao angefika kabla yangu na neno langu mdomoni.

Nilipofika, ng'ombe walikuwa wametawanyika ndani ya pamba ya watu. Mmoja, jike la kijivu, alikuwa amekatwa panga mshipa wa mguu wa nyuma. Anainuka, anaanguka, anainuka. Damu ilikuwa imechora duara alipokuwa akizunguka. Watu walikuwa zaidi ya ishirini, na katikati yao mswagaji alikuwa amepiga magoti, sikio moja limening'inia, shati limekuwa matambara mgongoni. Fimbo zilikuwa zikishuka kwa zamu, bila haraka, kama watu wanaopura mtama.

"Mwiteni mzee!" alikuwa akilia. "Mwiteni mwenyewe!"

"Mzee uliyemwibia ndiye aje kukutetea?"

"Toa karatasi!"

"Iko kwa tajiri!"

"Tajiri wako nani, fisi?"

Watu wakacheka. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo, ni watu ninaowajua na walicheka vizuri, kama kwenye harusi. Jirani yangu akazungusha rungu toka chini. Nilikuwa hatua ishirini. Hapo ndipo niliposikia ule muwa.

Mmoja alikuwa ameshakokota mabua makavu ya pamba na kuyarundika. Mwingine alikuwa amelaza pikipiki, anakinga petroli kwenye chupa ya soda. Jirani yangu aliniona, uso ukamng'aa. Jasho linamtiririka, mate yamemkauka pembeni mwa mdomo, na anatabasamu.

"Dalali! Hawakufika mbali. Thelathini na nne zote zipo, nimekuhesabia. Tulidhani wamekuua." Akanishika bega. "Mtazame huyu. Sema tu unamjua au humjui, tumalize kazi."

Mswagaji alinitazama. Mdomo ulikuwa wazi, haufungi, kamasi na damu vinashuka pamoja. Hakuwa na cha kusemea.

"Namjua," nikasema.

"Mwizi wa wapi?"

"Si mwizi. Niliuza."

"Uliuza nini?"

"Ng'ombe."

"Wangapi?"

"Hawa wote."

Aliyekuwa na chupa akasimama. Petroli ilikuwa inamwagikia viatu vyake. Jirani yangu hakuondoa mkono begani kwangu. Nilimwona anafikiri, anarudi nyuma mwezi kwa mwezi.

"Na lile godoro?" akauliza.

"Na godoro."

"Na cherehani?"

"Ndiyo."

"Nimekufungia kamba kwa mikono yangu hii."

Aliurudisha nyuma mkono wa begani, wa pili ukaja na rungu. Nilikinga. Mfupa wa mkono wa kushoto ukakatika chini kidogo ya kiwiko, nikaona vidole vyangu vinaelekea upande usiokuwa wao. Nikaanguka. Wengine wakaingia. Nilipigwa fimbo za mgongo, nne, na teke moja la mbavu, na kwenye fimbo ya nne mzee yule niliyemwambia asante akapaza sauti, "Tosha! Msimwue naye, atatuachia kesi mbili!"

Jirani yangu alikuwa analia. Sijawahi kumwona analia, hata alipowazika watu wake.

"Ulikuwa unaniacha niue mtu," alisema. "Ningelala na huyu mtu mpaka kaburini, na wewe uko Bariadi unakunywa chai."

Nzengo ilikaa palepale, wamesimama, silaha mikononi. Hukumu haikuchukua muda wa kuvuta sigara moja. Jike la kijivu ni faini ya mwano wa uongo. Walimchinja wakati bado anajaribu kuinuka, wakamgawana juu ya majani ya pamba, na aliyekuwa amekinga petroli ndiye aliyeshika kisu. Kila aliyekimbia alipata fungu. Mimi nilikaa chini nimeshika mkono wangu, hakuna aliyenipa hata utumbo. Kwetu mtu asipogawiwa nyama ya nzengo ameshaambiwa kila kitu.

Jirani yangu hakungoja fungu lake. Alivua shati lake, akamfunga mswagaji taya kwa kulizungusha utosini, akamwinua, akambeba mgongoni. Yeye mwenyewe ni wa miaka sitini na tisa. Alimbeba mpaka barabarani bila kumtua, damu ikimshukia shingoni, na mimi nikifuata nyuma ya watu na ng'ombe. Mnunuzi alikuwa amejifungia kwenye lori. Wakampandisha mswagaji mbele, karibu na dereva. Ng'ombe thelathini na watatu wakapandishwa.

"Na wewe panda," jirani yangu akaniambia.

"Nyumba sijafunga."

"Si umeshahama?"

Nilipanda nyuma, kati ya makwato na mavi, mkono ukinipigia kelele kila shimo. Hivyo ndivyo nilivyohama. Wale tisa wa mikia wako kwa jirani yangu mpaka leo, na sijatuma mtu kuwadai. Nyumba naambiwa imeshaanguka ukuta mmoja.

Mswagaji alipona. Nasema hivyo nikijua neno lina upana wake. Anatafuna kwa upande mmoja, na sikio lilishonwa likakaa chini kidogo ya mwenzake. Lakini siku ile, tulipofika mjini, hatukujua. Hospitali walimtazama, wakamfunga kitambaa juu ya lile shati, wakasema lazima ipatikane fomu ya polisi kabla ya kumpeleka mbele. Kituo kiko karibu. Tukakaa benchi moja, mimi na yeye, mnunuzi ameshatoweka na lori lake.

Askari alikuwa kijana mpole, mwandiko mzuri. Akaandika umri, akaandika majeraha.

"Nani amempiga?"

Niliona ule uso wa jirani yangu, unaong'aa kwa furaha ya kunikuta hai. "Wananchi," nikasema.

"Wenye hasira kali," akamalizia, bila kuinua kichwa, kama mtu anayemalizia sala aliyoizoea.

Mswagaji aliinua mkono. Taya lilikuwa limefungwa, sauti hakuwa nayo. Alinyoosha kidole kwenye fomu, kisha akakileta kwangu.

"Huyu mzee?" askari akauliza. "Huyu naye alikupiga?"

Akatikisa kichwa, hapana. Kidole kikabaki palepale, kifuani kwangu.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema niandikwe," nikamwambia.

"Kwa kosa gani?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na hesabu yoyote kichwani.

"Nilikutana na watu saba njiani," nikasema, "nikanyamaza."

Askari alifikiri kidogo, kwa haki kabisa. Akasema kosa hilo halina kifungu. Mswagaji hakushusha kidole.