Mdadisi wa Meza ya Dirishani

Ofisi ya mkuu wa chuo imetangaza, kwa barua yenye mihuri miwili iliyobandikwa mlangoni mwa maktaba yetu, kwamba mwanafunzi mdadisi kuliko wote mwaka huu ni yule wa meza ya dirishani, kwa kuwa kiu yake ya elimu haijui mipaka ya fani. Mimi ndiye ninayemwazimisha vitabu, kwa hiyo sina la kubisha. Huchukua kumi kwa mpigo: nyota, sheria, ufugaji wa nyuki, mifupa ya binadamu. Huvipanga majina yakitazama mlango, hulowesha kidole kwa ulimi, husoma orodha ya yaliyomo, kisha hutikisa kichwa kama fundi aliyeona kazi mbovu ya mwenzake. “Nyuki na katiba, mzee wangu,” huniambia, “ni kitu kimoja.”

Mwezi uliopita mwanafunzi wa uuguzi alimwendea mezani. Jumatatu alikuwa na mtihani wa marudio, na akifeli basi, chuo ndiyo kwaheri.

“Kaka, niachie hicho cha mifupa, siku mbili tu. Nakala ni hiyo hiyo moja.”

“Dada yangu, niko katikati yake. Ukinikatiza sasa utaniua.”

“Si nitatangulia kufa mimi?”

Mdadisi akacheka, akakiweka chini ya kiwiko.

Kitabu kilirudi Alhamisi, siku tatu baada ya mtihani. Nilipokikagua, kurasa hamsini zinazofuata orodha ya yaliyomo zilikuwa bado zimeshikwa na kibanio cha nywele, kama dada yule alivyozibana alipokiazima muhula uliopita.